Nusu Chupa ya Dawa ya Kiungulia

Jumamosi pale Mocímboa, kwenye ndoa ya mpwa wangu, shekhe alipouliza shahidi wa pili yuko wapi, nilimwitikia kutoka chooni. Ilikuwa safari yangu ya nne. Wali wa kamba ulinipa kiungulia, nami nikanywa nusu chupa ya dawa kama togwa. Nimesoma vibao vya barabara za nchi tano, kibandiko cha dawa sikukisoma.

Shemeji yangu, nesi, alinisomea mlangoni: “Ina magnesi, shemeji. Inatuliza kiungulia, lakini ukizidisha unaharisha. Zenye alumini ndizo hufunga choo.”

“Basi niletee hiyo, ndoa inaningoja.”

“Moja imeshakushinda, unataka ya pili?”

Nikapaza sauti wanisubiri. Dada yangu, mama wa bibi harusi, akanijibu dirishani: “Shahidi tumeshapata. Wewe maliza shughuli yako.”