Adabu ya Betri

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, kule juu ya Mlola, nikakuta mita ya umeme imepigiliwa ukutani pale pale palipokuwa na msumari wa redio ya babu. Niliitazama mpaka wifi yangu akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia nimeona Jumapili moja ya zamani. Akacheka, akarudi jikoni kuepua viazi. Basi keti wewe, rafiki yangu, maana wifi hakuwa na nafasi ya kunisikiliza.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nami nilikuwa darasa la saba. Umeme ulikuwa Lushoto mjini. Sisi tulikuwa nao ubaoni tu, umechorwa kwa chaki. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa dada wa Tanga mjini, hakuizoea baridi yetu hata kidogo, akifundisha kavaa masweta mawili na kitenge juu yake. Hakuwa na waya wala balbu. Alitupanga duara uwanjani, ndani ya ukungu, kila mmoja na harage lake mkononi, akatuambia tupokezane bila kusimama. Tulipokolea akamvuta mtoto mmoja nje, na pengo lile likatugandisha wote, maana aliyekosa wa kumpa hakuweza kupokea.

"Mmeona?" akasema. "Umeme hauendi mahali ambapo hauna njia ya kurudi."

Babu yangu aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Alikuwa na kasoro moja iliyomchosha mwalimu wa kwaya: wenzake wakikata wimbo, yeye bado anavuta. Kila Jumapili tukirudi nyumbani bibi alimtania, "Mzee, wewe unachelewa kunyamaza." Mwaka ule watu wa redio walikuja kutoka Dar es Salaam, wakairekodi kwaya, wakaondoka. Kabla wimbo haujatangazwa, kichomi kikamchukua babu. Bibi alizika, akapokea pole, akarudi shambani kwenye kabichi zake. Alichosema ni hiki tu, kwamba atamsikia mara moja tena, kisha atakubali.

Siku ikatangazwa kanisani: Jumapili ijayo, alasiri. Betri nne za redio zilikuwa zimechoka, na duka la kijiji lilikuwa na chumvi na majembe tu. Dawa yake kila mtu aliijua, unazianika juani pamoja na mahindi, zinapata uhai kidogo. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, na jua tulikuwa tumelisahau. Bibi akazianika jikoni kando ya mafiga, na kwa hamu aliyokuwa nayo akazisogeza karibu mno. Asubuhi ya Jumapili tukazikuta zimevimba, zinavuja maji meusi. Bibi alikaa chini penye majivu akajifunika uso kwa khanga. Nilikuwa sijamwona hivyo hata siku ya mazishi, nikaogopa sana.

Nilikimbia kwa mwalimu. Nilimkuta anakunywa chai, amekikumbatia kikombe kwa mikono miwili.

"Betri moja iliyochoka si kitu," akaniambia. "Lakini ukizipanga mstari mmoja, msukumo wa hii unajumlishwa na wa ile. Pita majumbani, uombe za tochi, hata zilizotupwa. Mimi nitakuja na waya."

Nikapita. "Shikamoo mama, naomba betri zenu zilizochoka, bibi anataka kumsikia babu." Hakuna aliyeniuliza mara mbili. Wapo waliotoa hata zile za tochi ya kwendea chooni. Mzee jirani yetu, ambaye yeye na bibi walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wake wale kabichi za bibi, alikuja na zake mwenyewe. Tena akapanda akashusha mwanzi uliopasuliwa, ule uliokuwa mfereji wa paa letu, akazipanga betri zote humo kwa uangalifu mkubwa. Mwalimu alipofika alifunga waya za dinamo ya baiskeli huku na huku, akazifikisha kwenye redio. Redio kimya.

Mwalimu akainama, akatazama, akacheka mpaka akashika kiuno. Mzee alikuwa amezipanga kichwa kwa kichwa na mkia kwa mkia.

"Sasa mwalimu," mzee akajitetea, "hizi zimetoka nyumba mbalimbali, ndiyo kwanza zinakutana. Moja itampaje mwenzake mgongo?"

"Shikamoo mzee wangu, lakini zikitazamana zinasukumana, hakuna inayokwenda. Adabu ya betri ni kutazama upande mmoja zote."

"Adabu gani hiyo!" akanung'unika, lakini akazigeuza, mojamoja, kama anayeziomba radhi.

Redio ikakoroma. Ua wetu ulikuwa umejaa watu, makande yananukia, hakuna aliyegusa. Ikaja sauti nyembamba ya mtangazaji, kisha kwaya yetu, kama inaimbia ng'ambo ya bonde. Wimbo ukafika mwisho, sauti zote zikakatika. Ikabaki moja, nzito, inavuta.

"Umechelewa kunyamaza, mzee wangu," bibi akaiambia redio. Watu wakacheka huku wanalia. Sauti ilipoanza kuzama, bibi aliizima kwa mkono wake.

Kesho yake alinichukua tukarudisha betri nyumba kwa nyumba, kila moja na viazi vyake. Nilimwambia hazina kitu tena. "Kilichotoka kwa mtu kinarudi kwake, hata kikiwa kitupu," akanijibu. Kwa mzee wa mbuzi alikaa mpaka chai ikaiva.

Siku hizi kila nyumba ina waya wake, na umeme ukikatika kila mmoja anawasha tochi ya simu yake. Silaumu, wifi yangu anapika penye mwanga, nashukuru. Ila nikitazama ile mita najua hatutapita tena kuombana kilichochoka. Mwalimu alirudi Tanga, bibi amelala kando ya babu, na vijana wa nyumba zile zilizotoa betri ndio waliombeba kwenda kaburini. Walioisikia redio ile wengi wamekwishanyamaza. Nimebaki mimi, rafiki yangu, bado navuta. Nivumilie. Nimemrithi babu.