Uji wa Wanga

Juzi nilipita mbele ya duka la Mkongomani mmoja pale Kakuma, harufu ya muhogo uliolowekwa ikanisimamisha. Ni harufu chachu kidogo, ya kitu ambacho hakijaoza lakini kimeanza kufikiria. Mwenye duka alinikaribisha mara mbili. Nilishindwa kumweleza kwamba sikuja kununua, ila nimerudi Lodwar, uani kwetu, nikiwa mtoto wa darasa la tatu, namtazama mama akijaribu kuacha kufua nguo za watu.

Sisi ni watu wa Busia. Baba aliletwa Lodwar na kazi ya serikali, na alipofariki serikali ikachukua nyumba yake ikatuachia joto. Mama akaanza kuwafulia maafisa. Shati la afisa halivaliki kola ikiwa imelala, kwa hiyo alitengeneza wanga mwenyewe, kwa muhogo uliokuja na malori kutoka kwetu. Aliukwaruza kwenye bati alilolitoboa matundu kwa msumari, akauchanganya na maji, akaukamua kwa kitambaa, halafu akayaacha maji yatulie karaini mpaka wanga uzame chini. Hapo humwaga maji ya juu, huosha tena, na tena, ndipo huanika. Jua la Lodwar lilikausha upesi kuliko la Busia, hilo hatukulinyima sifa. Adui alikuwa upepo, ambao uligeuza wanga mweupe ukawa na rangi ya barabara kabla hujamaliza kupiga chafya. Kazi yangu ilikuwa kushikilia chandarua juu yake. "Mchumia juani hulia kivulini," mama alipenda kusema, kisha akautazama ule ua wetu usio na kivuli.

Sabuni ilikuwa imempasua vidole. Akishika kikombe cha chai ya moto, alikishika kwa viganja.

Ndipo akaja Mama Sifa, fundi wa cherehani Mkongomani aliyekuwa akishona sare za kwaya huko kambini Kakuma. Alikuwa ameona kola ya afisa mmoja akauliza imesimamishwa na nani.

"Mama, miye nataka hiyo amidon," alisema, akimaanisha wanga. "Ikuwe nyeupe pe! Ukinipatia gunia moja nzuri, nitakuwa nakuya kila mwezi."

Alitusimulia pia kwamba viwandani wanga wa muhogo hupikwa gundi ya kubandikia maboksi, na kwamba hata vidonge vya hospitali hushikanishwa nao. Mama alicheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Kumbe malaria yote ile nimeitibu kwa muhogo." Lakini mgeni alipoondoka, aliitazama mikono yake akaniambia, "Nafula, nikimpata huyu, sifui tena nguo ya mtu."

Kwa gunia zima aliagiza muhogo mchungu, maana ndio wenye wanga mwingi. Kwetu kila mtu anajua maji yake ya kwanza ni sumu. Unayamwaga shimoni, yamekwisha. Kosa la mama, kuacha karai wazi likitulia, lilikuwa kosa la mtu wa Busia. Alikotoka, mbuzi ana majani mabichi na kijito, hana haja na karai la mtu. Mbuzi wa Lodwar wakati wa kiangazi hunywa chochote chenye unyevu.

Jirani yetu alikuwa Ata Nakiru. Ata ni bibi kwa Kiturkana, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na maziwa yale yalikuwa ya mjukuu wake mdogo. Asubuhi moja, gunia likiwa limebaki kidogo tu kujaa, mbuzi yule alipenya ua wa miiba, akanywa maji ya kwanza yaliyokuwa yakitulia karaini. Kabla ya saa sita alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka.

Na siku zikikukataa hukukataa zote pamoja. Mama Sifa alishuka kwenye lori kuja kuchukua gunia lake, akatukuta tumeuzunguka mzoga, sisi na wanawake waliokuwa wakipanga foleni ya maji.

"Mama Nafula," Ata Nakiru alisema polepole, "mbuzi yangu imekunywa maji yako, imekufa. Hii unga yako pia ni sumu?"

"Sumu ni maji, Ata. Wanga umeoshwa, hauna neno. Mbuzi nitalipa."

"Miye siwezi kubeba kitu inaua," alisema Mama Sifa, akilisukuma gunia kwa mguu. "Watoto ya kwaya wanatafunaka kola."

"Basi kula, tuone," akasema mmoja wa wale wa foleni.

Mama hakubishana. Alichota wanga kwenye gunia, akakoroga uji kwenye sufuria ndogo, akaumimina bakulini, akaanza kunywa amesimama. Niliogopa mpaka nikajikojolea, na sioni haya kusema. Alipofika nusu, Ata Nakiru alimsogelea, akamnyang'anya bakuli, akanywa uliobaki wote, akaramba na ukingo. Nilichukia. Nilijiambia bibi huyu atalipwa mbuzi, na bado ametunywea uji.

Mama Sifa alikaa mpaka jua likapoa, aone nani ataanguka. Hakuna aliyeanguka, akafunga gunia lake akaondoka. Alirudi mwezi uliofuata, na mingine mingi. Malipo ya kwanza yalinunua mbuzi wa Ata. Mama aliacha kufua akawa mtu wa kukwaruza, na vidole vyake sidhani viliona tofauti kubwa.

Miaka yote hiyo nilimsimulia mama yangu kama jasiri. Nilipokuwa nimeshazaa watoto wangu, nilimkumbusha siku ile, naye akatikisa kichwa.

"Wiki ile maji yalikuwa shida. Wanga wa mwisho, ule wa juu ya gunia, niliuosha mara moja tu. Sikuwa na hakika."

"Sasa kwa nini ulikunywa, mama?"

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilisema lolote na liwe. Halafu nikakuona wewe umesimama pale, mkono ukakataa kunyanyua bakuli. Watu wananitazama, na mkono umekataa. Ata alijua nimeosha mara moja, maji yenyewe nilikopa kwake. Akaja akaumaliza."

Miaka yote nilikuwa nikidhani yule bibi alikuwa na njaa.