Nilimchongea Mume Wangu Kanisani kwa Wivu wa Mabishano ya Dini

Admin, naomba jina langu lisionekane. Nina miaka thelathini na sita, ni Mlutheri wa kuzaliwa, tunaishi Shirimatunda na mtoto wetu mmoja. Mume wangu ni fundi seremala. Hanywi, hajawahi kunipiga, na Jumamosi alikuwa anafundisha watoto wa kipaimara. Ukiniuliza kosa lake nitakutajia moja tu: kuna mwanamke alikuwa anaongea naye kuliko anavyoongea na mimi.

Ni Mama Rukia, mjane wa Kiislamu anayeshona sare za shule, chumba cha pili kutoka karakana ya mume wangu. Amenizidi umri, na sijawahi kusikia baya juu yao. Walichokuwa wanafanya ni kubishana dini. Ilianza kwa utani, ikawa kila siku. Mume wangu akanunua Qurani yenye tafsiri ya Kiswahili, na Biblia yake ikajaa vipande vya karatasi kila ukurasa.

Siku moja nilimpelekea mtori wa mchana, nikawasikia kwa Mama Rukia kabla sijafika mlangoni.

"Mnasema kitabu chetu kimebadilishwa," mume wangu alikuwa anasema. "Sawa. Nani alikibadilisha, na kile cha mwanzo kiko wapi?"

"Kwani hizo Injili zenu nne zinakubaliana?" Mama Rukia akajibu, cherehani inaendelea. "Sisi kitabu ni kimoja, na watoto wetu wanakihifadhi kifuani."

"Mashahidi wanne wakisema neno kwa neno, hakimu atajua wamefundishwa."

Mama Rukia akacheka. "Hapo umeniweza. Nipe mpaka kesho."

Mume wangu naye akacheka, kicheko ambacho nyumbani kwangu sijakisikia miaka. Nikaacha chakula kwenye benchi la nje, nikaondoka. Ndugu zangu, ningewafumania ningejua pa kuanzia. Sasa ningemlalamikia nani, na ningesema nini?

Wiki hiyo nikaenda kwa mchungaji. Nikamwambia mume wangu anakaribia kusilimu. Nilijua si kweli, lakini nilisema huku nalia, na aliyelia huaminiwa.

Wazee wa kanisa wakaja nyumbani. Mume wangu akawaambia kwa upole, "Wazee wangu, sijaacha imani. Mwaka huu nimeisoma kuliko miaka yote." Hawakumwelewa. Darasa la kipaimara wakampa mtu mwingine. Mtaani maneno yakazidi, mpaka Mama Rukia akahamishia cherehani yake Bomang'ombe.

Kabla hajahama alikuja kwangu. Nikamwamkia shikamoo kwa shida, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kukuaga. Mumeo kila nikimbana alikuwa anasema, ngoja nikamuulize mke wangu, yeye ndiye anayeijua Biblia. Nilikuwa nasubiri majibu yako."

Kweli mume wangu alikuwa ananiuliza, wakati tunakula. Na mimi nilikuwa namjibu, "Muulize mchungaji, mimi nimechoka." Nilidhani ananiletea mambo ya yule mwanamke mezani kwangu. Kumbe kwenye mazungumzo yao ndiko nilikokuwa naitwa.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu Mama Rukia ahame. Mume wangu anarudi mapema, anakamua ng'ombe, anakula, ananyamaza. Ile Biblia ametoa karatasi zote. Nimempata kama nilivyotaka, na sina raha naye.

Kibaya zaidi, anaamini aliyemsemea ni rafiki yake waliyekuwa wanafundisha naye, ndiye aliyepewa lile darasa. Wamekua pamoja huko Machame, leo wanapishana mlangoni pa kanisa bila kusalimiana. Yule rafiki alinifuata sokoni akaniuliza, "Shemeji, nimemkosea nini?" Nikamwambia sijui.

Nikimwambia mume wangu ukweli, najua hatanifukuza. Atasema amenisamehe, kwa sababu ndivyo alivyo. Ninachoogopa ni kwamba atanisamehe, kisha ataendelea kunyamaza vilevile mpaka tunazeeka. Nikikaa kimya, mtu asiye na hatia anabeba dhambi yangu.

Mnaosoma hapa, wa msikitini na wa kanisani, msinionee haya. Nianze kwa nani: kwa mume wangu, kwa rafiki yake, au kwa mchungaji niliyemdanganya?