Mchana Wadi Ilipokuja Nyuma ya Hekalu

Enzi zetu, sisi watoto wa Maskati tulioletwa na wazee wetu kutoka Unguja, saa ya kuamkia ilikuwa kengele ya Mabanyani. Hekalu lao kongwe lilitazamana na nyumba yetu. Ikilia tu alfajiri, mama anatuvuta mashuka: "Amkeni! Hata Banyani keshaamka, nyinyi mmelala tu!" Chai ya tangawizi, mkate wa kumimina wa jana, mbio skuli kwenda kuchekwa kwa Kiarabu chetu. Tukirudi ni michezo ya mdako na kibe mpaka magoti yanageuka rangi. Wanangu mimi ukiwazimia intaneti nusu saa wanaona wameonewa.

Mwaka mmoja wakaletwa vibarua kujenga ukuta wa mawe chini ya hekalu lile. Wahindi, lakini si wa madukani. Hawa walikuwa wakulima kutoka vijijini kwao, visigino vimepasuka, wanabeba mawe kichwani juu ya ngata ya kitambaa. Tuliyempenda sisi ni Moti, mrefu, meno mekundu kwa tambuu, akitufinyangia gololi za udongo. Na Moti alikuwa na ada yake. Kengele ikilia, hata awe na jiwe kichwani, analitua, anafumba macho, anakutanisha viganja na kusimama kimya mpaka inyamaze. Siku moja tulimwiga, mama akatufinya kweli kweli. "Msimcheze mtu na dini yake!"

Adhuhuri moja walikula wali na dengu, kisha wakashuka kulala wadini nyuma ya hekalu. Wadi ni bonde kavu, mchanga mtupu, na lile lilikuwa na kivuli na upepo mzuri. Mama mwenyewe akilisifu, na siku hiyo hata jamvi alitutandikia huko. Angejuaje? Kwetu Unguja mvua unaiona inavyokuja: wingu, kibaridi, ndipo matone. Na wale vibarua kwao ni tambarare, mto unapanda polepole. Nani angefikiri kuwa mvua inanyesha huko milimani, wewe huku umekaa juani, na maji yanakufuata?

Mchana huo anga lilikuwa jeupe. Tukasikia ngurumo, mama akauliza, "Lori gani hilo?" Jirani yetu Bi Zuweina, mzaliwa wa hapa hapa, akatoka bila hata buibui, anapiga ukelele: "Wadi! Wadi inakuja!" Kumbe wenyeji hata maji ya bonde huyaita wadi. Akatukamata mikono akatupandisha juu kwa nguvu. Vibarua walikuwa bado wamelala chini, na Kiarabu hawakijui. Mzee Jivani, mlinzi wa hekalu, akaona kwa ngurumo ile sauti yake haiwafikii, akaikamata kengele akaipiga kwa nguvu zake zote.

Wakakurupuka. Wakaona maji, wakapanda mbio, huyu anamvuta huyu. Lahaula! Moti yuko pale pale katikati ya mchanga. Kasimama, macho kafumba, viganja kavikutanisha. Wenzake wanamwita, mama anamwita, sisi tunalia, na Mzee Jivani, kutoka alipo hamwoni, anazidi kuipiga. Maji yalikuja ya udongo, yamebeba mawe na mti mzima na mizizi yake. Yalimchukua mbele ya macho yetu.

Walimkuta ufukweni kabla ya magharibi. Mzee Jivani alikaa mlangoni mwa hekalu, hali, hanywi, anasema neno moja tu: "Mimi nikimwita akimbie, yeye akasali." Baba alifunga duka, akaenda kukaa sakafuni na wale vibarua. Bi Zuweina akapika chungu kizima cha wali, akaubeba mwenyewe. Mama alilia kama kafiwa na mdogo wake wa tumbo moja.

Leo wadi ikija, vijana wetu wanaifuata! Wamo magarini, simu mkononi, wanashindana nani atapata picha nzuri. Wiki iliyopita, napita Wattaya, hapa hapa Maskati, na mwanangu, nikaona chini ya daraja vibarua wamelala juu ya makaratasi, kwenye mchanga wa wadi. Miguu ile ile, visigino vile vile. Nikasimamisha gari.

"Mama, tafadhali, unatutia aibu," mwanangu akasema. "Wana simu, watapata onyo la mvua."

Nilishuka. Hakuna aliyepunguza mwendo kutazama nna shida gani. Nikamgusa bega wa kwanza, kijana mwenye masharubu machanga, nikaanza kumwambia kwa Kihindi changu cha dukani apande juu. Hakuningoja nimalize. Aliruka wima, macho mekundu, anajipangusa mchanga na kutafuta kofia yake ya kazini.

"Samahani, madamu," akasema, huku anawapiga teke wenzake waamke. "Tunakwenda kazini sasa hivi."