Wimbo wa Kuvuta Waya

Mume wangu na kaka yangu walikuwa marafiki kabla hawajawa mashemeji. Kaka ndiye aliyemleta nyumbani kwetu, akamsifu mbele ya baba asubuhi na jioni, mpaka baba akamwuliza kama anataka kuolewa naye yeye. Walichunga pamoja, walilima pamba pamoja, na wote wawili walikuwa manju, waongozaji wa nyimbo za ngoma. Ubaya ni kwamba kila mmoja aliongoza upande wake, na pande hizo mbili kwetu Usukumani hazikai zizi moja.

Sitazitaja kwa majina, maana hata leo kuna wazee wanaoweza kunikasirikia. Nitasema tu namna zilivyokuwa zikishindana. Baada ya mavuno, pande zote mbili huingia uwanja mmoja siku moja, kila upande na ngoma zake, njuga zake na dawa zake. Huimba kwa pamoja, huu hapa na ule pale, na watazamaji huenda wanakovutwa. Manju anayenyamaza kwanza ameshindwa. Akinyamaza tu, watu wake hutupa chini chochote walichoshika, hutoka uwanjani na hawageuki nyuma. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Mtoto wa kwetu hulijua kabla hajaweza kuhesabu ng'ombe wa baba yake.

Nilipoolewa nilihamia upande wa mume wangu, kama mke afanyavyo. Mwaka uliofuata mume wangu alimshinda kaka mbele ya watu wengi, tena kwa wimbo wa kumsema kwamba nyimbo zake huimbiwa mbuzi, na mbuzi wenyewe wanakohoa. Watu walicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka. Kaka alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Akaapa mbele ya mama kwamba hatakunywa hata maji nyumbani kwangu mpaka siku mume wangu atakaponyamaza mbele yake.

Nilidhani ni utani wa mashemeji, utaisha na kiangazi. Haukuisha. Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, na kaka hakuja. Kwetu mjomba si mtu wa kukosekana. Mtoto ambaye mjomba wake hajampakata, majirani humwangalia mara mbili. Mama alikuja na kuku, akasema kaka ana homa. Siku chache baadaye nilimwona mnadani amebeba ngoma begani, mzima kama dume la ng'ombe. Nikarudi nyumbani na hasira yangu, nikatwanga mtama mpaka mama mkwe akaniuliza kinu kimenikosea nini.

Hayo yalikuwa katika miaka ya baada ya vita vya Wazungu, upande wa Geita, wakati baadhi ya wanaume wetu wakilima na makoti ya jeshi mgongoni. Mgodi wa dhahabu ulikuwa na laini yake ya umeme, kutoka kwenye mitambo mpaka kwenye mashimo, na ilipita katikati ya mashamba yetu. Nguzo zake zilikuwa za miti, na mchwa walizipenda kuliko sisi tulivyowapenda kumbikumbi. Kila masika nguzo moja iliinama, na mashine ya kusaga mawe ilizimika. Sisi tulijua kwa sababu ule mngurumo tuliouzoea ulikatika na watoto waliokuwa wamelala wakaamka wakilia.

Kisha mgodi ukachimba mashimo mapya, marefu zaidi, na umeme wa zamani haukutosha. Wakaamua kuijenga laini upya ili ibebe nguvu kubwa zaidi: nguzo za chuma ndefu kuliko mti wowote tuliokuwa nao, waya mnene kama kidole gumba, na vile vikombe vya kushikia waya vikubwa kama vibuyu. Fundi mkuu alikuwa Mzungu mwenye magoti mekundu, mpole, asiyejua Kisukuma hata salamu. Mnyapara wake alikuwa mtu wa Pwani, mwenye maneno mengi na kofia safi.

Wanaume wa nzengo yetu, yaani kijiji kizima, waliajiriwa kuchimba mashimo ya nguzo na kuvuta waya. Mwanzoni walichimba kivivu. Siku moja mnyapara alipita penye shamba la pamba akaona watu wakilima kwa wimbo, majembe yakipanda na kushuka pamoja, akaulizauliza, akaelezwa habari za pande zetu mbili. Kesho yake aliwagawa wafanyakazi kwa ngoma: upande wa mume wangu wajenge wakitokea kwenye mitambo, upande wa kaka wakitokea kwenye mashimo, wakutane katikati.

Kazi ilikwenda mbio isivyo kawaida. Watu walichimba mwamba kana kwamba ni unga. Wanawake tulipeleka uji na vigelegele, na nyimbo mpya zilitungwa kila siku, nyingine za matusi matamu sana siwezi kuziandika hapa. Fundi alifurahi. Akatangaza kwamba siku ya kuunganisha, upande utakaovuta vizuri zaidi utapata ng'ombe. Mama mkwe aliposikia alisema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akaendelea kuchambua mlenda wake. Hakuna aliyemjali.

Mimi niliona nafasi yangu. Mchana wa siku iliyotangulia ile ya kuunganisha, mume wangu alipokaa kula, nilimwambia.

"Kesho mwachie."

"Nani? Nimwachie nini?"

"Kaka. Wewe nyamaza, yeye akiwa bado anaimba. Si ngoma ile, ni waya wa Mzungu tu."

Akamega tonge, akalichovya, hakulipeleka mdomoni. "Na watu wangu je?"

"Watu wako watanuna mpaka pamba ichanue. Mwanao atakuwa na mjomba maisha yake yote."

Alikula akamaliza. Akanawa, akampakata mtoto, akamchezea vidole. "Wabeja," alisema, akinishukuru kwa chakula kama alivyofanya kila siku. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, nami sikumsukuma. Nilimjua, neno lilikuwa limeingia.

Nguzo ya kuunganishia ilisimama kwenye kichuguu kipana kando ya mbuga. Miguu yake minne ilikuwa imezamishwa kwenye saruji, lakini kwa sababu kazi ilikuwa imewahi kuliko ilivyopangwa, saruji ilikuwa bado mbichi. Mnyapara mwenyewe alilisema hilo mbele yetu. Fundi akajibu, na mnyapara akatutafsiria kwa sauti, kwamba waya wa huku na waya wa kule zikivutwa sawasawa, nguzo haitajua kama inavutwa. Na kweli lilikuwa neno la akili. Hata mzigo wa kichwani ukiwa sawa pande zote hauangushi mtu.

Waya wa kila upande ulifungwa kamba nene, kamba ikapita kwenye kapi juu ya nguzo ikashuka chini mikononi mwa watu. Kwa hiyo pande mbili zilisimama huku na huku kando ya nguzo moja, karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Fundi alipanda nguzo ya jirani kupima tumbo la waya. Mnyapara alieleza tena na tena: waya hauvutwi ukakaza kama uzi wa zeze, lazima uachiwe tumbo kidogo, la sivyo baridi ikija utajikata wenyewe. Fundi akiinua bendera nyeupe, manju anyamaze, watu waache kuvuta ila washike kamba palepale, mpaka waya ufungwe. "Mmeelewa?" Wote wakaitikia kwamba wameelewa. Na walielewa. Ila kuelewa kwa kichwa ni kitu kimoja, na mikono ina elimu yake.

Wakaanza. Sijasikia tena kuimba kwa namna ile. Mume wangu alikuwa na sauti nzito ya kutoka tumboni. Kaka sauti yake ilipanda juu kama filimbi. Kamba zilikazwa kwa kila kiitikio, waya ukainuka kutoka kwenye nyasi, ukayumba, ukanyooka. Sisi wanawake tulikuwa tumejaa kandokando, na mimi mtoto mgongoni, nikipiga vigelegele vya upande wa mume wangu huku moyo wangu ukiombea upande wa kaka.

Bendera ikainuka. Niliiona. Kila mtu mwenye macho aliiona, maana mamanju wote wawili walikuwa wamewekwa wakiielekea. Kaka aliendelea kuimba. Mume wangu naye aliendelea, ubeti mmoja, labda miwili. Akageuka akatutazama sisi wanawake, sijui kama alinitafuta mimi. Kisha akanyamaza.

Watu wake walimtumbulia macho. Alikuwa hajawahi kunyamaza kwanza tangu awe manju. Aliinua mikono yake miwili akikunja ngumi, kuwaonyesha washike, lakini wao hawakuona amri ya kazi. Waliona manju wao ameshindwa mchana kweupe, mbele ya wake zao. Mmoja alitema mate. Wakafanya kile ambacho baba zao na babu zao walifanya: wakatupa kamba chini, wakageuka kuondoka uwanjani.

Kamba ilipanda ikilia kwenye kapi. Waya wao ukaanguka kule mbugani, na ule wa upande wa kaka, uliokuwa umekazwa kupita kiasi, ukaivuta nguzo peke yake. Saruji mbichi ikafunguka kama ugali. Nguzo iliinama taratibu, taratibu kiasi kwamba watu wote wa kaka walipata nafasi ya kukimbia. Kaka alikuwa amefumba macho, anaimba.

Mume wangu ndiye aliyefika kwanza. Alichimba kwa mikono chini ya kile chuma kilichomlalia kaka mguu, akiwaita watu wake kwa majina, nao wakarudi wakikimbia, na pande mbili zikainua pamoja. Hapakuwa na wimbo. Kwenye hospitali ya mgodi wakaukata mguu wa kaka juu ya goti.

Nguzo ilisimamishwa tena, safari hii wakasubiri saruji ikauke, na waya ukavutwa kwa mashine ndogo iliyoletwa kwa lori. Fundi alitimiza ahadi yake, akatoa ng'ombe kwa upande wa kaka, kwa kuwa haukunyamaza. Walimchinja wakamla, kaka akiwa hospitalini. Mashine ya kusaga mawe ikanguruma usiku na mchana, haikuzimika tena masika. Sisi chini ya waya tuliendelea na vibatari vyetu. Hilo wala halikunisumbua. Hakuna aliyekuwa ametuahidi taa.

Watu wana ulimi. Upande wa mume wangu ulimwita mwoga. Upande wa kaka ulisema aliwaambia watu wake watupe kamba makusudi. Mama yangu mzazi aliacha kumwitikia salamu. Nilingoja mume wangu ajitetee, aseme kwamba palikuwa na bendera na yeye peke yake ndiye aliyeitii. Hakusema. Nami niliogopa kumsemea, kwa sababu neno moja lingevuta jingine, na la mwisho lilikuwa langu.

Baada ya mavuno kaka alikuja. Aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, akashuka na magongo yake mawili, akakataa kushikwa mkono. Nilimkaribisha kwa kigoda. Mume wangu akatoka ndani, akasimama karibu na ua wa minyaa, hajui aweke wapi mikono.

"Niletee maji, dada," kaka alisema.

Nikamletea kwenye kata. Akanywa mpaka mwisho, akaigeuza kata kutuonyesha kuwa ni tupu. Kisha akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akampakata, akamnusa utosi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ule wimbo wa mbuzi. Mtoto akamshika pua. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Shemeji, ulinyamaza."

"Nilinyamaza," mume wangu alisema.

"Nilikushinda."

Nilimwangalia mume wangu. Nilimsihi kwa macho aitaje bendera. Ilikuwa kweli, na ilikuwa haki yake. Lakini kaka alikuwa amekaa pale na mguu mmoja, anangoja jibu, na nikaona kwamba mume wangu akiitaja bendera atakuwa amemnyang'anya kitu pekee alichorudi nacho.

"Ulinishinda, shemeji," alisema. "Ulinishinda kabisa."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Akala kwetu siku ile, na siku nyingine nyingi. Mwanangu alikua akiwa na mjomba. Ndiye aliyemfundisha nyimbo zake, na majirani hawakuwa na la kusema. Nilichokitaka nilikipata, na nakiri kwamba zipo siku nilizokifurahia.

Sikuwahi kumwuliza mume wangu kama alinyamaza kwa ajili ya bendera au kwa ajili yangu. Tuliishi pamoja mpaka tukazeeka, akatangulia, na swali nikabaki nalo. Kila mwaka uwanja ulipojaa watu wa upande wake walituma wajumbe kumwomba aongoze, akawapa pombe, akawarudisha. Hata shambani, wengine wakilima pamba kwa wimbo, yeye alilima kwenye mstari wake kimya. Mimi nilikuwa nimemwomba anyamaze siku moja tu.