Siku Niliyopiga Namba Nikaacha Sura

Watu wanaoshika kamera yangu ya zamani huniuliza kwa nini pete ya lenzi nimeizungushia utepe mweusi hata haigeuki, na mimi huwajibu kwamba imelegea. Uongo mtupu. Haijalegea hata kidogo. Nimeifunga kwa aibu, na aibu yenyewe niliipata kambini Benaco, mchana kweupe, mbele ya umati wa watu, mwaka ule wakimbizi walipovuka mto wakaja kwetu Ngara na vilima vikageuka bluu kwa maturubai.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, nimelikimbia shamba la baba kule Nyamahanga (jembe na mimi hatujaelewana hadi leo, ndiyo maana nawasimulia haya nikiwa Kahama na mwakani sijui nitakuwa wapi), na mali yangu yote ilikuwa kamera moja ya mtumba niliyopigia picha za harusi na kipaimara. Shirika moja pale kambini likanipa kazi. Kulikuwa na hema la watoto waliopotezana na wazazi njiani, wengine wadogo kiasi kwamba hata jina la baba hawalijui, na kila mmoja alikuwa na namba yake iliyoandikwa kwa chaki kwenye kibao. Nimpige picha ameshika kibao kifuani, picha zibandikwe kwenye ubao mkubwa karibu na mabomba ya maji, mama apite, aone, aseme huyu ni wangu. Basi. Kwa wale wasiojua hata kusema wametoka kijiji gani, picha ndiyo ilikuwa njia pekee ya kurudi kwao.

Mkuu wa hema alikuwa Mama Yustina, muuguzi wa Ngara, mfupi, sauti kama kengele ya misheni. Siku ya kwanza niliwasha flashi. Mtoto akajitupa chini akafunika kichwa kwa mikono, na wenzake wote wakafanya vilevile, hema zima limelala kifudifudi, hakuna aliyelia. Mama Yustina akaniangalia.

"Mwanangu, hiyo radi yako usiirudishe humu."

Bila flashi, ndani ya turubai zito lile na mlango umeshushwa ili watu wasichungulie, lenzi niliyokuwa nayo haikuona kitu. Nikaomba siku mbili, nikadandia lori hadi Biharamulo kwa Mzee Ladislaus, fundi wa kamera na redio, aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamweleza. Akafungua bati la biskuti akatoa lenzi mbili, zote zisizovuta picha karibu wala mbali, za milimita hamsini, zote zinaingia kwenye kamera yangu. Moja iliandikwa mbili, ina mkwaruzo pembeni, bei yake ya mtu wa kawaida. Nyingine iliandikwa moja nukta nne, kioo kikubwa kama jicho la ng'ombe (namba ikiwa ndogo, tundu hufunguka zaidi na mwanga mwingi huingia), na ili niipate ilibidi niongeze na flashi yangu juu.

"Chukua ya mbili, inakutosha," mzee akasema. "Hiyo kubwa ukiifungua yote inaona kitu kimoja tu. Ukishika pua, masikio yanapotea. Halafu kabla hujanunua chochote, umeangalia mlango wa hema uko wapi? Mwanga haununuliwi, kijana. Unasogelewa."

Nikaitikia kwa adabu, huku moyoni nasema mzee huyu amezoea redio. Flashi nikaiacha, nikaondoka na jicho la ng'ombe.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyo na akili. Kamera zile, katikati ya pale unapochungulia pana kiduara kinachokata picha vipande viwili, unazungusha lenzi hadi vipande vikutane, ndipo unajua umelenga sawasawa. Lakini kiduara kinataka mstari ulionyooka, na uso wa mtoto gizani hauna mstari. Namba ya chaki inao! Nyeupe juu ya nyeusi, imesimama kama nguzo. Basi nikafungua lenzi yote, nikalenga namba, nikabonyeza, mtoto baada ya mtoto, hakuna aliyeshtuka, na jioni nikawa natembea kambini kama niliyeumba mwanga mwenyewe.

Filamu zikaenda kusafishwa Mwanza kwa gari la shirika. Bahasha iliporudi ilikuwa asubuhi, foleni ya maji imeshajaa, na kina mama walikuwa wamesikia kwamba picha zinakuja, wamesogea hadi kwenye ubao.

"Tuzipitie kwanza ofisini," Mama Yustina akasema.

"Ah, mama, za kupitia nini? Watu wanasubiri."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikachana bahasha mbele za watu, nikatoa ya kwanza. Namba saba, safi, hata unga wa chaki unauona. Vidole vya mtoto, safi. Na juu ya kibao, mahali pa uso, uji. Uji wenye matundu mawili meusi. Nikajisemea huyu alitikisika, nikatoa ya pili. Uji. Ya tatu, uji. Mgongoni nasikia watu wanapumua, jasho linanitiririka, na badala ya kugeuka niseme jamani nimekosea, nikabandika. Nikazibandika zote, moja moja, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba zikinyooka vizuri sura zitarudi.

Nikapisha.

Mwanamume mmoja mwenye dumu akasema kwa lugha yao (Kihangaza changu, lugha yetu ya Ngara inayokaribiana na yao, kilitosha kabisa kumwelewa), "Mpiga picha, nani alikuambia tumepoteza namba?"

Mwingine akadakia, "Jamani, aliyezaa namba kumi na tisa ajitokeze!"

Wakacheka, kicheko cha watu ambao hawajacheka miezi, na ningefurahi kingeishia hapo. Hakikuishia. Mama mmoja mwembamba, Domitila jina lake, alikuwa amesimama mbele ya namba thelathini na moja, hacheki, kidole kwenye karatasi.

"Huyu ni Emanueli wangu. Tazameni anavyoinamisha kichwa."

Kabla sijapumua, mwingine, Konsolata, akapenya. "Dada yangu, samahani. Huyo ni wa kwangu. Mwanangu ndivyo anavyoinamisha."

Watu wakagawanyika pande mbili, madumu yakaangushwa, mmoja akanishika kola. "Wewe ulimpiga, wewe sema! Ana kovu? Ana pengo?"

Nilimwangalia mtoto yule dakika nzima kwa jicho la ng'ombe, na nilichokumbuka ni tatu na moja.

Mama Yustina akanitoa mikononi mwao. "Nyie mama wawili, twendeni. Na wewe mwenye kamera, njoo uone kazi yako."

Hemani akamhoji kila mmoja peke yake: nguo, majina ya ndugu, alama. Mmoja akasema kovu gotini, mwingine akasema hana alama yoyote. Kisha mtoto akaletwa, wa miaka mitatu hivi, kichwa kimeinama. Domitila alimtazama usoni, karibu, na kabla mtoto hajasogea, yeye mwenyewe akatikisa kichwa.

"Siye," akasema.

Mtoto akatembea polepole hadi kwa Konsolata, akashika ncha ya kitenge chake, akaanza kuikunja. Konsolata alipiga magoti akaligusa kovu la gotini.

Domitila akanijia. Nilitamani anitukane.

"Nisamehe, mama."

"Kwenye karatasi alikuwa wangu kabisa," akasema. "Nipe hiyo karatasi."

Nikamtazama Mama Yustina, akageuza uso. Nikaenda ubaoni nikaibandua, watu wakinitazama, nikampa. Akaiingiza kifuani, akaondoka.

Mchana uleule nilianza upya. Tulikunja mlango wa hema, tukawakalisha watoto ndani, hatua mbili tu kutoka mwangani, migongo ya wasaidizi ikawakinga na wachunguliaji, kibao nikakipandisha kando ya sikio ili namba na uso viwe mstari mmoja. Nilibana tundu hadi nne ili pua na masikio vionekane pamoja, na mwanga ukabaki! Hatua mbili. Hata lenzi yangu ya kwanza ingetosha, na flashi yangu ningekuwa nayo.

Picha za pili Mama Yustina alizipitia mwenyewe, akazibandika mwenyewe, na watoto wakaanza kuondoka. Domitila alipita ubaoni kila asubuhi na dumu lake, anazitazama zote, anaendelea. Sijui kama alimpata Emanueli wake. Kambi ilipofungwa mimi nilikuwa nimeshahamia Kaniha.

Lenzi ninayo bado, pete ya tundu nimeifunga kwenye nne, na utepe ule siubandui hata harusi iwe pangoni. Siku hizi nikimpiga mtu nalenga jicho, na kabla ya kubonyeza namuuliza jina lake na kulirudia kwa sauti. Watu hudhani ni adabu. Ni woga.