Nilivyounganisha Chumba cha Ndani na Sabule

Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani mji wa Lamu, kwa hiyo kosa hili sina wa kumsingizia.

Nilikuwa nikichora kwenye kompyuta mabomba ya hewa ya kiyoyozi cha nyumba ya Bwana Athmani. Grili, yaani tundu la ukutani la kupitishia hewa, katika chumba cha ndani, wanakokaa wanawake, ilikataa kuungana na bomba lolote, na kompyuta ikawa inanionya kwa rangi nyekundu. Nikaisogeza mpaka ikanasa kwenye bomba la karibu, lile la sabule, wanakopokewa wageni wanaume. Wekundu ukatoweka, nami nikajipongeza, na mafundi wakayafunga mabomba vivyo hivyo. Kompyuta inajua njia ya hewa tu. Kuta zetu nene huzuia maneno pia, na hilo nilipaswa kulijua mimi.

Juzi walikuja watu kumposa binti wa nyumba ile. Bwana Athmani aliniketisha nao sabuleni, akawaambia kwa fahari, "Baridi hii ni kazi ya kijana wetu huyu."

Papo hapo grili iliyo juu ya vichwa vyetu ikatoa sauti ya mkewe, safi kama ya redio: "Mwanangu simpi mtu huyo, wallahi. Lakini halua waliyoleta, tuipokee kwanza."

Sote tukainua macho kwenye grili. Kisha wenzangu wakayashusha kwangu.